MV Liemba

MV Liemba ni meli ya abiria na mizigo ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake katika bandari ya Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Ilijengwa nchini Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa manowari kubwa kuliko zote katika ziwa hilo. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Baada ya kuopolewa ilirudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba.

Meli hii ilitumika kivita kwa muda wa mwaka mmoja hivi tu. Kazi yake kubwa imekuwa kuwasafirisha wakazi wa mwambao wa ziwa. Mara mbili, mwaka 1997 na mwaka 2015, ilibeba pia wakimbizi wa vita na machafuko ya nchi jirani, ambao wengi wao waliishi au waliishia katika makambi ya wilaya za Kasulu na Kibondo.

## Usuli

Mwanzoni mwa karne ya 20 Ziwa Tanganyika lilipakana na makoloni ya madola matatu. Upande wa mashariki ulikuwa wa Ujerumani (Afrika ya Mashariki ya Kijerumani), upande wa magharibi ulikuwa wa Ubelgiji (Kongo), na ncha ya kusini ilikuwa ya Uingereza (Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia). Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na milima mikali inashuka hadi majini katika sehemu nyingi za mwambao wake. Kwa sababu hiyo usafiri wa majini ulikuwa rahisi kuliko wa nchi kavu, na mwenye meli kubwa aliweza kuhamisha watu na mizigo haraka kuliko wapinzani wake.

Wajerumani walijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Kampuni ya reli ilihitaji meli ya kuunganisha kituo hicho cha mwisho na bandari za ziwani, hasa Usumbura (leo Bujumbura) upande wa kaskazini na Bismarckburg (leo Kasanga) upande wa kusini. Nyuma ya Kigoma zipo nyanda za juu za Waha, yaani eneo la Kasulu na Kibondo, ambalo wakati huo lilikuwa na falme ndogo kama Heru na Muhambwe. Nyanda hizo zinaendelea kaskazini hadi Burundi, na lugha ya Kiha inakaribiana sana na Kirundi.

Meli ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, mwanajeshi wa tabaka la makabaila (neno *Graf* ni cheo cha kikabaila cha Kijerumani). Alipita Rwanda mwaka 1894 katika safari ya kuvuka Afrika, kisha akawa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilianza katika kipindi cha utawala wake.

## Ujenzi na safari ya kwenda Kigoma

Meli ilijengwa na karakana ya Meyer katika mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Mafundi waliiunganisha kwa bolti ili kuhakikisha kwamba kila kipande kinakaa mahali pake. Kisha waliifungua yote, wakaweka alama kwenye vipande na kuvipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Mzigo huo ulisafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa treni hadi Kigoma.

Mafundi watatu wa karakana hiyo, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliandamana na mzigo ili kusimamia kazi. Walisaidiwa na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika. Vita vilianza Agosti 1914 kabla kazi haijaisha, na meli iliyokusudiwa kubeba abiria na mizigo ikageuzwa kuwa chombo cha kijeshi. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915 na kuanza kazi Juni mwaka huohuo.

Meli ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Vyombo vingine vya Wajerumani ziwani vilikuwa vidogo sana ukilinganisha nayo.

## Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza

### Silaha na mabaharia

Jeshi la majini la Ujerumani pale Kigoma liliongozwa na Kapteni Gustav Zimmer. Yeye na mabaharia wake walikuwa wa meli ya upimaji *Möwe*, ambayo Wajerumani waliizamisha katika bandari ya Dar es Salaam Agosti 1914 ili isitekwe na Waingereza. Mabaharia hao waliletwa kwa treni hadi ziwani.

Mzinga mkubwa wa Graf von Götzen ulitoka pia katika meli nyingine iliyopotea. Manowari *Königsberg* ilikuwa imejificha katika delta ya mto Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Wajerumani waliokoa mizinga yake 10 ya milimita 105 na kuisambaza katika medani mbalimbali, na mmoja wao ukafungwa kwenye Graf von Götzen. Hakuna chombo chochote cha Wabelgiji au Waingereza ziwani kilichokuwa na mzinga wa kulingana na huo.

### Utawala wa ziwa

Hata kabla ya Graf von Götzen kukamilika, Wajerumani walikuwa na nguvu zaidi ziwani. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao ndogo *Hedwig von Wissmann* iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji *Alexandre Del Commune*. Walikuwa pia na meli nyingine ndogo iliyoitwa *Kingani*. Graf von Götzen ilipoongezeka, waliweza kuhamisha mamia ya askari kwa safari moja kati ya Kigoma na Bismarckburg. Kwa hiyo Wabelgiji hawakuweza kuvuka ziwa kutoka Kongo bila hatari kubwa.

Waingereza walijibu kwa mpango uliopendekezwa na mwindaji John R. Lee. Boti mbili ndogo za injini, *Mimi* na *Toutou*, zilitumwa kutoka Uingereza Juni 1915 chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi kusini mwa Kongo, kisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke na ng'ombe. Baadaye zilipita mtoni na kwa reli tena hadi ziwani, zikafika Oktoba 1915.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka *Kingani*, nayo ikaingizwa katika kikosi cha Waingereza kwa jina la *Fifi*. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha *Hedwig von Wissmann*. Graf von Götzen ilionekana muda mfupi baada ya pigano hilo, lakini Spicer-Simson hakuishambulia. Hivyo meli kubwa kuliko zote ziwani haikupata kupigana ana kwa ana na kikosi kilichotumwa kuvunja nguvu ya Wajerumani ziwani.

### Kuzamishwa

Mwaka 1916 vita viliamuliwa zaidi nchi kavu. Mzinga mkubwa uliondolewa kwenye meli ili utumike katika mapigano ya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga bandia wa mbao. Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilidondosha mabomu katika bandari ya Kigoma. Wakati huohuo majeshi ya Ubelgiji yaliingia kutoka Kongo, yakapita Rwanda na Burundi. Kikosi cha Frederik-Valdemar Olsen kilielekea kusini kupitia nchi ya Waha, na Waingereza walikuwa wakisonga mbele kutoka pande nyingine.

Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haiwezi kushikiliwa, waliamua kuizamisha meli ili adui asiipate. Kazi hiyo ilipewa mafundi waliokuwa wameiunganisha. Walizipaka injini grisi nyingi ili maji yasizile, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha kwa uangalifu katika ghuba ya Katabe karibu na Kigoma. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia mjini.

Namna ilivyozamishwa ndiyo sababu ya meli hii kuwepo hadi leo. *Hedwig von Wissmann* iliyopigwa kwa mizinga haikurudi tena juu ya maji.

## Kuopolewa na jina jipya

Baada ya vita Wabelgiji walikaa Kigoma na katika nyanda za Waha hadi mwaka 1921. Mwaka 1918 waliiopoa meli, lakini mwaka 1920 ilizama tena kwa sababu ya dhoruba.

Katika mapatano ya mwaka 1919 Ubelgiji ilibaki na Rwanda na Burundi, na eneo la Kigoma pamoja na Kasulu na Kibondo likawa la Uingereza ndani ya Tanganyika. Makabidhiano yalifanyika Machi 1921. Kabla ya vita Burundi na nchi ya Waha zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Sasa mpaka kati yao ukawa mpaka wa madola mawili, na baada ya uhuru ukawa mpaka wa Burundi na Tanzania. Ndio mpaka ambao wakimbizi wameuvuka mara nyingi tangu miaka ya 1970.

Waingereza waliinua meli tarehe 16 Machi 1924. Ilionekana kwamba grisi ya mafundi wa Kijerumani ilikuwa imefanya kazi yake, kwa maana injini zilikuwa katika hali nzuri baada ya miaka mingi majini. Baada ya matengenezo ilirudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba. Jina hilo ndilo ambalo mpelelezi David Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa ncha ya kusini ya ziwa alipofika huko mwaka 1867.

## Huduma ya abiria na mizigo

Liemba ilisimamiwa na shirika la reli la Tanganyika, kisha na shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ilibaki kwa Shirika la Reli Tanzania. Baadaye ilikabidhiwa kwa Kampuni ya Huduma za Meli (MSCL), kampuni ya serikali inayoshughulikia usafiri wa maziwa makuu.

Injini za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Matengenezo mengine makubwa yalifanyika mwaka 1993 kwa msaada wa Denmark, na injini zilibadilishwa tena. Baada ya hapo meli iliweza kubeba abiria wapatao 600 na tani 200 za mizigo.

Njia yake ya kawaida ilikuwa kutoka Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia. Njiani ilisimama katika vijiji na miji midogo ya mwambao, ikiwa ni pamoja na Lagosa, Ikola, Karema, Kirando, Kipili na Kasanga. Katika vituo vingi hapakuwa na gati. Meli ilipiga honi na kusimama mbali na ufuko, halafu mitumbwi na boti za mbao zikaizunguka. Abiria walipanda na kushuka ubavuni mwa meli, hata usiku, pamoja na watoto na mizigo yao. Bidhaa zilizobebwa zilikuwa kama dagaa waliokaushwa, mahindi, mchele na mananasi.

Kwa vijiji ambavyo havikuwa na barabara ya uhakika, meli ilikuwa njia ya kufika sokoni na hospitalini. Kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo umuhimu wake ulipitia Kigoma mjini, ambako barabara ya nyanda za juu, Reli ya Kati na bandari hukutana.

## Meli ya wakimbizi

### Mwaka 1997

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mnamo Oktoba 1993, maelfu ya Warundi walikimbilia mkoa wa Kigoma. Makambi yalifunguliwa katika wilaya ya Kibondo, yakiwemo Nduta, Kanembwa na Mtendeli, na katika wilaya ya Kasulu, ikiwemo Mtabila. Mwaka 1996 vita vilizuka mashariki mwa Zaire, na Wakongo wengi walivuka ziwa kuja Kigoma. Kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao.

Mobutu Sese Seko alipoondolewa madarakani Mei 1997, baadhi ya wakimbizi walitaka kurudi kwao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitumia Liemba kuwarudisha. Katika muda wa miezi mitano meli ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, na makumi ya maelfu ya watu walirejea katika operesheni hiyo. Wengine walibaki Nyarugusu, na wengine walifika baadaye mapigano yalipoanza upya mwaka 1998.

### Mwaka 2015

Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitangazwa kuwa mgombea kwa muhula wa tatu. Maandamano na mauaji yalifuata, na watu wakaanza kukimbia. Wengi walifika Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania kilichopo mpakani, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kijiji kiko kwenye ukanda mwembamba kati ya ziwa na milima mirefu, na hakikuwa na barabara ya gari. Kwa wiki chache makumi ya maelfu ya watu walikusanyika ufukoni hapo. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikazuka, na zaidi ya watu 30 walifariki Kagunga na Kigoma.

Njia ya kutoka ilikuwa moja kati ya mbili: kupanda milima kwa miguu au kupita majini. Liemba ilikodiwa kuwatoa. Kwa kuwa Kagunga haikuwa na gati, mambo yalifanyika kama katika vituo vyake vyote vya zamani. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, wakimbizi wakaletwa kwa boti ndogo na kupandishwa ubavuni, watu wapatao 600 kwa safari moja. Wajawazito, wagonjwa na wenye watoto walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa.

Pale Kigoma walipokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, wakapimwa afya na kuandikishwa. Kisha walipandishwa mabasi kuelekea Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo iliyofunguliwa kwa ajili ya Wakongo ikapokea Warundi wengi hivi kwamba idadi ya wakazi wake ilizidi 150,000, na ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Ili kupunguza msongamano, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli, ambayo sasa imo katika wilaya ya Kakonko, ikafuata Januari 2016.

Baadhi ya waliofika walikuwa wakimbizi kwa mara ya pili au ya tatu. Kuna waliozaliwa au kulelewa katika makambi ya Kasulu na Kibondo, wakarudishwa Burundi makambi hayo yalipofungwa (Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012), na miaka michache baadaye wakajikuta njiani tena. Kwa hiyo mabasi kutoka bandarini yaliwapeleka wengine katika wilaya walizozifahamu tangu utotoni, ambako Kirundi chao kinaeleweka na Waha wenyeji bila mkalimani.

## Hali ya baadaye

Umri wa meli uliongeza gharama za matengenezo, na kufikia mwaka 2018 ilikuwa imesitisha safari za kawaida. Wakazi wa mwambao walibaki wakitegemea zaidi boti za mbao, ambazo ni hatari upepo unapovuma. Mwaka 2023 MSCL ilitia saini mkataba wa kuikarabati Liemba na karakana ya Brodosplit ya Kroatia pamoja na kampuni ya Kitanzania.

Kumekuwa na maoni tofauti kuhusu mustakabali wake. Wapo wanaotaka ihifadhiwe kama makumbusho kwa sababu ya historia yake, na wapo wanaosisitiza kwamba mwambao unahitaji kwanza meli inayosafiri.

## Katika fasihi na filamu

Mapigano ya Ziwa Tanganyika yalimpa mwandishi Mwingereza C. S. Forester wazo la riwaya yake *The African Queen* (1935), iliyotengenezwa filamu mwaka 1951. Manowari ya Kijerumani katika kisa hicho ni ya kubuni, lakini kwa kawaida huhusishwa na Graf von Götzen. Katika filamu manowari hiyo inalipuka na kuzama kabisa, jambo ambalo halikutokea kwa meli yenyewe.

## Tazama pia

- Ziwa Tanganyika
- Reli ya Kati (Tanzania)
- Kigoma (mji)
- Wilaya ya Kasulu
- Wilaya ya Kibondo
- Waha